Kibubu cha Watu Wawili

"Mimi sina kinyongo," alisema Ildefonsa. "Frednand nilishamtoa moyoni zamani, nikapiga deki na pale alipokuwa amekaa."

Maneno hayo aliyasema huku akifuta meza ya nje. Hoteli ya dada Priscila pale Nyakanazi ina meza nyingi, na Jumamosi ile karibu zote zilikuwa na mabaki ya ugali na miba ya migebuka, lakini kitambaa cha Ildefonsa kiliipenda hii moja tu. Iling'aa mpaka nzi wakawa wanateleza. Na usifikiri ni bahati. Mtu akisimama kwenye meza hiyo, bila hata kunyoosha shingo, anaiona sheli ya ng'ambo ya barabara, anaiona pampu ya dizeli, na anamwona kijana mrefu mwenye kofia nyekundu akiyanywesha malori yanayokwenda Rusumo.

Dada Priscila, mwenye hoteli, alikuwa mjane wa Biharamulo mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Aligeuza chapati, akainua macho.

"Umepiga deki," alisema. "Sasa unachungulia kama maji yamekauka?"

"Naangalia wateja, dada."

"Wateja wako nyuma yako. Yule pale ameomba chumvi tangu akiwa kijana."

Ildefonsa alipeleka chumvi kwa mwendo wa mtu aliyeonewa. Kabla hajaifikisha mezani, simu ikatetemeka kwenye mfuko wa aproni. Akaitoa. Akasoma. Chumvi ikamwagikia kwenye chai ya mteja.

*Frednand ameongeza fedha kwenye kibubu HARUSI.*

"Ameongeza tena!" alifoka. "Dada Priscila, huyu mwanaume ana uso wa zege!"

Hapa lazima nikueleze, maana hasira ya Ildefonsa usipoijua ilikotoka utamwona chizi.

Kulikuwa na programu ya simu inaitwa Tangulia. Iliingia Nyakanazi na kijana mmoja mwenye fulana ya njano, akazunguka kwa matajiri wa sheli, gesti na hoteli akiwaandikisha na wafanyakazi wao. Ukiwa Tangulia, huna haja ya kusubiri mwisho wa mwezi. Umefanya kazi wiki moja, unabonyeza, unachukua mshahara wa wiki hiyo leo leo, wao wanakata kidogo cha kwao. Humo humo kuna vibubu vya kupangia matumizi: kibubu cha kodi, kibubu cha ada, na kwa wale ambao mapenzi yamewapanda kichwani, kibubu cha watu wawili. Ndani ya hicho kila mmoja anaweka, kila mmoja anaona mwenzake ameweka nini, na yeyote anaweza kutoa, au kukifunga mpaka tarehe anayotaka. Ila kikishafungwa, kukifungua kabla ya tarehe ni lazima wote wawili wakubali.

Enzi zile mapenzi yakichemka kama maharage, Frednand na Ildefonsa walifungua cha kwao. Wakakiita HARUSI. Wakawa wanabonyeza huku wamegusanisha mabega, wanacheka.

Halafu ikaja siku ya Frednand kwenda kujitambulisha kwa kina Ildefonsa, kule Ntobeye. Ilikuwa baada ya Pasaka. Mzee Bernardo, baba yake, alikusanya ukoo. Rubisi, pombe ya ndizi, iliiva, chungu kikawekwa katikati, wazee wakakizunguka kila mtu na mrija wake. Ildefonsa alikaa jikoni na kitenge kipya, akisikiliza kila pikipiki inayopanda kilima. Pikipiki zilipanda. Frednand hakupanda na hata moja. Simu yake ilikuwa imezimwa. Ildefonsa alipofungua kibubu, alikikuta kitupu, kimekombwa mpaka senti zake mwenyewe. Jioni baba yake mdogo akaifuta midomo, akasema mbele ya watu, "Jamani, bwana harusi huyu ni mwema sana. Ametuachia rubisi yote. Mwaka ujao asije tena!" Watu wakacheka. Mzee Bernardo hakucheka. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kicheko kile ndicho Ildefonsa alichorudi nacho Nyakanazi. Alilala nacho, akaamka nacho. Frednand aliporudi kazini akaja kumwambia, "Fonsa, nilipata matatizo," yeye alimmwagia maji ya kuoshea masufuria, mchezo ukaishia hapo.

Na sasa? Sasa kibubu kile kile kilikuwa kinajaa. Na Gidioni wa bodaboda, ambaye habari humkuta kabla ya kutokea, alikuwa amemwambia Ildefonsa waziwazi: kesho Jumapili Frednand anaondoka na mbuzi, anapitia Bugarama, nyumbani kwa kina Irine.

"Irine ni nani?" aliuliza dada Priscila.

"Nitamjulia wapi? Ni msichana. Mwanaume hapeleki mbuzi Bugarama kumsalimia mvulana." Ildefonsa aligonga kioo cha simu kwa ukucha. "Lakini siyo hilo linaloniuma. Kama anaoa, aoe! Ila anamwoa mwenzangu kutoka kwenye kibubu changu! Hata jina hajabadilisha! Yaani hakuona taabu hata ya kufungua kipya!"

"Labda amesahau kukutoa."

"Basi leo atakumbuka."

Akaingia kwenye kibubu. Akashuka mpaka chini, pale pameandikwa *Funga mpaka tarehe*. Ikatokea kalenda. Akasogeza mwezi, akasogeza mwingine, akapita Watakatifu Wote, akatua kwenye mkesha wa Krismasi. Akabonyeza.

Kikufuli kidogo cha kijani kikajifunga. Oh, ndugu msomaji, ule utamu! Ulimshuka kooni kama uji wa ulezi wenye sukari.

"Umeiba?" aliuliza dada Priscila, chapati imebaki hewani.

"Nimeiba nini? Shilingi yake haijatoka hata moja. Nimemwekea akiba." Ildefonsa alicheka mpaka akashika nguzo. "Atakuwa mwanaume wa kwanza Kagera nzima kulipiziwa kisasi kwa kuwekewa akiba! Acha akapige hodi Bugarama mikono mitupu. Acha na wao wakae na mirija yao, wamwangalie. Acha Irine naye asikilize pikipiki."

Haukupita muda, kofia nyekundu ikavuka barabara.

Alikuja akikwepa lori la saruji, simu mkononi, paji la uso limekunjamana. Ildefonsa alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, lakini hakuwa amejiandaa kwa vile viwiko vya kijana alivyozoea kuvishika, wala ile harufu ya dizeli aliyokuwa akiitania zamani, akisema siku wakioana watawasha taa kwa kumkamua shati. Frednand alisimama upande wa pili wa meza inayong'aa. Wakatazamana. Macho ya kijana yalishuka kwanza.

"Habari za kazi, Fonsa."

"Nzuri. Unakula au unapita?"

"Sina hela ya kula."

"Masikini. Na ulivyo mtu wa kutangulia!"

Frednand aliumeza utani huo. "Kile kibubu kimejifunga. Sijui nimebonyeza nini. Mikono ina mafuta, labda kidole kimeteleza."

"Vidole vyako vina historia ya kuteleza."

"Fonsa, naomba. Nimetuma ombi la kufungua, limekuja kwako. Bonyeza *Kubali* tu, sitakusumbua tena."

"Hela ya nini?"

"Ya safari ya kesho."

"Ya wapi?"

"Bugarama."

"Kwa nani?"

Frednand alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Kwa kina Irine. Lakini sikiliza, siyo kama... Kuna jambo siruhusiwi kulisema kabla wazee hawajakaa. Hasa kwako. Nikilisema nimeliharibu."

"Wazee!" Ildefonsa aliinama juu ya meza mpaka nyuso zao zikakaribiana. "Wa kwetu walikaa, Frednand. Walikaa toka misa ya kwanza mpaka kuku wakaingia kulala."

"Najua."

"Hujui. Hukuwepo."

Hata madereva wa malori waliokuwa wakila waliacha kutafuna. Frednand alimwangalia, na katika macho yale palikuwa na kitu kilichotaka kusema, kikapanda mpaka kwenye midomo, kikazuiwa. Kwa nukta moja mkono wa Ildefonsa ulitaka kumfuta lile doa jeusi la grisi shavuni. Mkono ni mpumbavu. Akauadhibu kwa kuupa kazi. Alinyanyua simu juu, ili mwanaume aone vizuri, akabonyeza *Kataa*.

Maandishi yakatokea: *Ombi limekataliwa. Ombi jipya litapokelewa baada ya wiki moja.*

"Krismasi siyo mbali," alisema Ildefonsa. "Mwambie Irine avumilie."

Frednand alivaa kofia yake polepole. "Haya, Fonsa," alisema. "Umenipata." Akageuka, akavuka barabara bila kuangalia magari, mpaka lori likampigia honi.

Ildefonsa alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye pampu. Alikuwa ameshinda. Ajabu ni kwamba ule utamu ulikuwa umekwisha kooni. Dawa yake ni mdomo, kwa hiyo aliufungua.

"Umeona, dada? Umeona alivyovua kofia? *Fonsa, naomba...*"

"Kuna mteja," alisema dada Priscila.

Alikuwa ameingia mzee mwembamba, koti la kahawia, fimbo, na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Alikaa meza ya pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nipe chai ya rangi. Isiwe na haraka, namsubiri mtu."

Ildefonsa akamwekea chai, na akarudi kwenye sherehe yake. Akaigiza yote, kwa sauti zote mbili: namna alivyosogeza kalenda mpaka mkesha wa Krismasi, namna kikufuli kilivyojifunga, namna alivyocheka mpaka akashika nguzo, namna Frednand alivyodhani ni vidole vyake vyenyewe. "Eti mikono ina mafuta! Na mimi nimesimama hapa, nimekaza uso kama sista!" Madereva wawili walicheka. Mzee wa pembeni alipuliza chai yake.

Simu ikaita. Alikuwa mama yake, mama Deodata, kutoka Ntobeye, na alikuwa anaongea kabla hajapokelewa.

"Ildefonsa, omba ruhusa, panda gari uje. Kesho kuna wageni."

"Shikamoo, mama. Wageni gani?"

"Marahaba. Sikupaswa kukwambia, baba yako alisema usijue mpaka faini ilipwe. Lakini nitakuachaje uje na nywele zako hizo? Ni Frednand."

Ildefonsa aliishika meza. "Frednand yupi?"

"Wako wangapi? Alikuja hapa, mwanangu. Alikuja peke yake, kwa miguu toka barabarani, akapiga magoti mbele ya baba yako. Akasema yote. Kumbe kila mwezi alikuwa anauchukua mshahara nusunusu kabla haujafika, mara akununulie chipsi, mara vocha, mara ile simu yako, aonekane mwanaume mwenye nazo. Siku ya kuja kwetu ilipofika, mshahara umeisha haujaingia. Akakikomba na kibubu chenu azibe pengo, pengo lisizibike. Akafika Lusahunga na mikono mitupu, aibu ikamgeuza."

"Mama..."

"Baba yako akamtoza faini. Mbuzi, na rubisi, na aje na mtu mzima wa kumsemea. Amempata mzee mmoja wa Bugarama, rafiki wa marehemu baba yake, mzee Pancras. Ana binti anaitwa Irine, yupo seminari anapika. Mzee mwenye heshima zake. Kesho baada ya misa watakuwa hapa."

Ildefonsa aliigandamiza simu sikioni. "Na asipokuja na hiyo faini?"

"Kwa nini asije? Wewe unamwombea mabaya?" Mama Deodata alishusha sauti. "Baba yako amesema hivi: akikosa mara ya pili, jina lake lisitajwe tena kwenye uzio huu. Na kuna mwalimu wa Rulenge ameshatuma watu kukuulizia. Fanya haraka, nywele!"

Simu ikakatika.

Ildefonsa alikaa juu ya gunia la mkaa. Chipsi. Alizikumbuka zile chipsi zote. Alizila kwa furaha, na mara nyingine akasema hazitoshi. Na kile kibubu hakikubadilishwa jina kwa sababu hakikuwa na jina lingine la kupewa.

"Dada Priscila," alisema kwa sauti ndogo. "Nimejifungia harusi yangu mwenyewe."

Dada Priscila alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafuta mikono. "Fungua."

"Haifunguki! Nimekataa, mpaka wiki ipite!"

"Wapigie wenyewe."

Akawapigia. Mashine ikamshukuru kwa kuchagua Tangulia, ikamwekea muziki. Akangoja. Ikamshukuru tena. Ng'ambo, Frednand alikuwa anamkabidhi mwenzake zamu, kichwa chini.

Ndipo akili ikamjia, kama kawaida yake, kwa kasi kuliko hekima. "Mshahara wangu! Dada, nichukue wa kwangu mapema. Wewe ruhusu tu kwenye simu yako."

"Yaani," alisema dada Priscila taratibu, "utangulize mshahara wako, ukanunue mbuzi, ili wewe uombwe msamaha nyumbani kwa baba yako?"

"Ruhusu, dada!"

"Mwisho wa mwezi utakula nini?"

"Maneno yangu."

Dada Priscila alitikisa kichwa, akabonyeza. Fedha ikaingia. Ildefonsa akaituma kwa Frednand ile ile, na alipoinua macho alimwona tayari anavuka barabara, safari hii bila kofia, begi begani.

Alimwahi kabla hajafika kivulini.

"Usiseme kitu!" alisema. "Angalia simu yako. Umeona? Hela yako hiyo."

Frednand aliangalia. "Imetoka kwako."

"Imepitia kwangu. Nimewapigia wale watu, nimewafokea. Wamesema mtandao ulisumbua, vibubu vingi vimejifunga vyenyewe. Siyo kidole chako. Nikaona hapana, hata kama tumegombana, mimi siyo mtu wa kumkwamisha mwenzangu safari."

"Vyenyewe?" Uso wa Frednand ulikuwa unafunguka kama dirisha. "Na wewe ulikuwa umekataa..."

"Nilikataa kwa hasira tu. Sina kinyongo, Fred. Nenda salama Bugarama."

Alimwita Fred. Kijana alilisikia. Alipiga hatua moja, na vidole vyake vyenye harufu ya dizeli vikagusa ncha ya aproni, basi, ncha tu, na Ildefonsa akahisi moto ukipanda mpaka masikioni. Zile siku zote za uchungu zilikuwa zinataka kuyeyuka pale pale, mchana kweupe, mbele ya madereva wa Burundi.

"Bugarama siendi tena," Frednand alisema. "Mzee amenipigia, ameona aje mwenyewe tuondoke wote jioni hii. Kasema ananisubiri hapa hotelini. Hujamwona mzee mmoja mwembamba, ana koti la..."

"Niko hapa, kijana," ilisema sauti kutoka meza ya pembeni.

Ildefonsa hakugeuka mara moja. Kuna mambo shingo inayajua kabla ya macho.

"Shikamoo, mzee Pancras," alisema Frednand, akienda kumshika mkono. "Samahani kwa kukuchelewesha. Pesa ilikuwa imekwama, lakini imepatikana. Ni mtandao. Kibubu kilijifunga chenyewe."

"Marahaba. Nimesikia." Mzee alikimaliza kikombe chake, akakiweka chini bila sauti. "Na kilipokuwa kinajifunga chenyewe, kilicheka hivyo hivyo mpaka kikashika nguzo? Maana nimekaa hapa nikisimuliwa. Mpaka Krismasi nimeisikia."

Frednand alimtazama mzee. Kisha akamtazama Ildefonsa. Kisha akaiangalia tena simu yake, pale palipoandikwa jina la aliyetuma.

"Mzee," alisema Ildefonsa, "mimi nilikuwa natania..."

"Unatania vizuri, binti. Nimecheka." Hakuwa anacheka. "Lakini kesho nakaa mbele ya Bernardo. Ataniuliza: huyu kijana faini ameitoa mfukoni mwake? Mimi nikishashika mrija siwezi kudanganya, rubisi hainipiti kooni. Na faini ya kwetu hulipwa na aliyekosa. Hailipwi na mkosewa. Sasa nimeingia hapa nikijua mkosaji ni mmoja."

Ildefonsa alimgeukia dada Priscila kumwomba msaada. Dada Priscila alikuwa anageuza chapati iliyokwisha kuiva.

Mzee Pancras alivuta kiti kwa ncha ya fimbo, akakisukuma kwa kijana.

"Kaa, Frednand. Safari inangoja. Binti ana neno la kukwambia, na atalisema mwenyewe, kwa ile sauti aliyosimulia nayo mwanzo."

Frednand alikaa. Kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, macho yake hayakushuka.

Yakashuka ya Ildefonsa.